Mume wangu anakoroma, kisha ananyamaza

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 52, ni dereva wa lori la mizigo, anatoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Sisi tunaishi Morogoro. Anakoroma mpaka watoto wa chumba cha pili wanasikia. Kinachonitisha ni kwamba katikati ya kukoroma ananyamaza ghafla, kifua kinahangaika lakini sisikii pumzi, halafu anashtuka kama mtu aliyepaliwa. Usiku anaamka kukojoa mara tatu au nne. Amepimwa kisukari, hana. Presha anayo, anameza dawa za aina mbili na bado haishuki. Ana kilo 104, urefu kama sentimita 170. Utingo wake amenidokeza kwamba safari iliyopita alisinzia kwenye usukani wakipita mbuga ya Mikumi. Mama mkwe anasema mwanamume akikoroma ujue amelala vizuri. Jirani anasema akatwe kimeo. Mwenyewe anasema ni jinamizi linamkaba, na nikitaja kukoroma anakasirika. Je, kukoroma ni ugonjwa? Nianzie wapi? Na mtoto wetu wa mwisho, miaka 5, naye anakoroma kila usiku. Amerithi?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na Mikumi, kwa sababu mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri miadi ya hospitali, hilo haliwezi.

Dereva anayesinzia kwenye usukani si lazima awe mzembe, wala hajarogwa. Ubongo uliokosa usingizi hujichukulia wenyewe, sekunde chache chache, pengine hata macho yakiwa wazi. Lori likienda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde 4 za usingizi ni mita 67 ambazo gari limejiendesha lenyewe, tena kwenye kipande cha barabara ambacho tembo na twiga huvuka wanapotaka, na mbele kuna mteremko wa Kitonga. Watu wenye tatizo ninalolishuku kwa mumeo hupata ajali za barabarani takriban mara mbili hadi tatu ya madereva wengine.

Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, asiwe barabarani kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, muda ambao mwili wa kila binadamu unadai kulala. Mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi, kuna wimbi la pili, hapo pia awe macho. Akihisi kope nzito, au akijikuta hakumbuki kilomita mbili alizotoka kupita, aegeshe mahali salama, anywe kikombe cha kahawa, kisha alale palepale dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo ataamka nayo. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kunawa uso vinasaidia dakika chache tu, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila stendi vinaficha usingizi bila kulipa deni lake. Zungumza na utingo pia. Akimwona bosi wake anapiga miayo mfululizo, au tairi linagusa mstari wa pembeni, amwambie waegeshe. Ajue kwamba wewe umemruhusu kusema, maana vijana wale huogopa kupoteza kibarua.

Kukoroma peke yake si ugonjwa. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa inayopita humo hutikisa kaakaa laini, kimeo na shina la ulimi. Mwenye mafua atakoroma. Mjamzito atakoroma, na aliyekunywa bia tatu atakoroma, na wengi wao hawana madhara yoyote zaidi ya kumnyima usingizi wa pembeni. Mama mkwe wako hajakosea moja kwa moja, ameona wanaume wengi wa namna hiyo na wamezeeka salama. Ila wewe unayelala naye umesikia jambo ambalo yeye akiwa chumba kingine halisikii, nalo ni kile kimya.

Kifua kinahangaika, pumzi haisikiki: maelezo hayo yana thamani kuliko vipimo vingi ambavyo ningeweza kumwandikia mumeo. Maana yake koo limeziba wakati mapafu yanaendelea kuvuta. Fikiria mrija wa karatasi uliolowa ndani ya soda. Ukivuta taratibu soda inapanda, ukivuta kwa nguvu kuta zake zinagandana, na kadiri unavyong'ang'ana ndivyo unavyozidi kujifunga. Oksijeni kwenye damu, ambayo kwa kawaida ni asilimia 95 au zaidi, huanza kushuka, na kwa waliozidiwa hufika 80 au chini ya hapo. Mwishowe ubongo unashtuka, misuli inakaza, koo linafunguka kwa ule mkoromo wa kishindo unaoamsha nyumba nzima, kisha mtu anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki hata kimoja. Ndiyo maana anakasirika ukimwambia, kwani kwa ushahidi alionao yeye, alilala saa 7 fofofo.

Hali hii inaitwa apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Tunahesabu kila kipindi ambacho pumzi imekatika, au imepungua sana, kwa angalau sekunde 10. Mtu mzima akiwa na vipindi chini ya 5 kwa saa tunamwacha. Kuanzia 5 anao ugonjwa kidogo, kuanzia 15 ni wa kati, na akifika 30 kwa saa tunasema ni mkali. Piga hesabu mwenyewe: vipindi 30 kwa saa, amelala saa 6, amekabwa mara 180 kabla ya adhana ya alfajiri. Wala si ugonjwa wa wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wazima karibu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanao kwa kiwango fulani. Wengi mno hawajui.

Sasa njoo kwenye presha, ambako kwangu ndiko kiini cha barua yako kilipo. Kila pumzi inapokatika na mtu kushtuka, mwili humwaga adrenalini. Mishipa inabana, moyo unakimbia, presha inaruka juu. Kwa mtu mwenye afya presha ya usiku hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na ya mchana, na hayo ndiyo mapumziko pekee ambayo mishipa inayapata. Mumeo hapati mapumziko hayo. Mwaka baada ya mwaka, presha ya usiku inahamia mchana na kukaa huko. Watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia watu kwa miaka 4 na kuchapisha matokeo mwaka 2000: waliokuwa na vipindi 15 au zaidi kwa saa mwanzoni mwa utafiti walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kukutwa na presha baadaye, ukilinganisha na wale wasio na kipindi hata kimoja.

Ndiyo sababu mtu anameza dawa mbili, anaongezewa ya tatu, na namba zinakataa kushuka. Nimeona kadi za kliniki ya presha zilizojaa mabadiliko ya dawa kurasa nzima, na hakuna mahali palipoandikwa mgonjwa huyu analalaje. Simlaumu mtoa huduma mwenye foleni ya watu sitini mlangoni. Ila wewe sasa unalijua swali, kwa hiyo ulitaje wewe. Na tafadhali, asiache dawa za presha kwa kudhani chanzo kimepatikana. Dawa zinaendelea, na chanzo kinashughulikiwa pamoja nazo.

Mkojo nao unaingia humohumo. Kifua kinapovuta kwa nguvu dhidi ya koo lililoziba, vyumba vya juu vya moyo hutanuka, na moyo hufasiri hilo kama dalili ya maji mengi mwilini. Unatoa homoni inayoziagiza figo zitoe chumvi na maji. Mtu anajaza kibofu usiku kucha kwa maji ambayo alipaswa kuyatoa asubuhi. Wanaume wa umri wa mumeo wakianza kuamka hivyo hukimbilia kufikiria tezi dume, na anaweza kuwa nayo, apimwe. Kuna tofauti unayoweza kuichunguza nyumbani. Mwenye tezi dume mara nyingi husimama muda mrefu, mkojo unatoka kwa mkatiko na kidogo kidogo, mchana pia. Mwenye apnia hutoa mkojo mwingi kila anapoamka, na mchana hana shida.

Mengine nitayapitia haraka. Apnia isiyotibiwa huandamana na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huzaa damu iliyoganda na hatimaye kiharusi. Inaufanya mwili uikaidi insulini, kwa hiyo kipimo cha kisukari alichofaulu safari hii akirudie kila mwaka. Usingizi mbovu huongeza hamu ya kula, uzito unapanda, nao uzito unazidi kulibana koo. Kichwa kuuma asubuhi, mdomo mkavu, kusahau, hasira za karibu, nguvu za kiume kupungua, vyote vimo. Huenda hata ule ukali anaokuonyesha ukitaja kukoroma unatokana na kutolala.

Je, nina uhakika anao? Bila kipimo siwezi kusema hivyo, ila kuna maswali manane yaliyotengenezwa na madaktari wa Toronto, Kanada, mwaka 2008, tunayoyatumia kupima uwezekano. Anakoroma kwa sauti inayopita mlango? Ndiyo. Anasinzia au kuchoka mchana? Ndiyo, muulize utingo. Kuna aliyemwona pumzi ikikatika? Wewe. Ana presha? Ndiyo. Amepita miaka 50? Ndiyo. Ni mwanamume? Ndiyo. Uzito wa kilo ukigawanywa mara mbili kwa urefu wa mita unapita 35? Chukua 104, gawanya kwa 1.7, gawanya tena kwa 1.7, unapata karibu 36. Ndiyo. Limebaki moja tu, shingo. Chukua utepe wa fundi cherehani umzungushe usawa wa koromeo. Ikizidi sentimita 40, hesabu pointi. Kuanzia pointi 5 tunasema uwezekano ni mkubwa. Mumeo ana 7 hata kabla hujashika utepe.

Utampelekaje hospitali mtu anayekasirika? Usianze na kukoroma. Mwanamume wa kwetu akiambiwa anakoroma anasikia anachekwa. Anza na yale yanayomkera yeye mwenyewe, yaani kuamka kukojoa na presha inayokataa dawa. Kisha, usiku mmoja akiwa amelala chali, rekodi kwa simu dakika tano, video na sauti, taa ya chumbani ikiwaka kidogo ili kifua kionekane. Hakikisha umenasa kile kimya na ule mshtuko. Mwonyeshe mkiwa wawili, asubuhi ya siku asiyo na safari, si mbele ya watoto na si kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mara nyingi anayekataa maneno hukubali akijiona. Video hiyohiyo mpelekee daktari, itaokoa nusu saa ya maelezo.

Hospitali ya kuanzia ni ile yenye daktari wa masikio, pua na koo, au wa moyo, au wa kifua. Kwa aliye Morogoro, uwezekano mkubwa mtaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa yenye vifaa vya kupima usingizi. Pigeni simu kwanza, msipande basi kwa kubahatisha. Kipimo kamili ni kulala usiku mmoja umebandikwa nyaya kichwani, mikanda miwili kifuani na tumboni, kirija kidogo puani na kibanio kidoleni kinachosoma oksijeni. Kuna aina fupi ya kupima nyumbani, yenye mkanda, kirija na kibanio tu, na kwa mtu mwenye dalili wazi kama za mumeo inatosha. Vile vipimo vya kidole vilivyoingia majumbani wakati wa korona haviwezi kuchukua nafasi hiyo. Ukimvika usiku na kuona namba zinaporomoka na kupanda, hiyo ni sababu ya kuharakisha. Usipoona kitu, usimtangaze kuwa mzima.

Tiba yenye nguvu kwa ugonjwa wa kati na mkali ni mashine ya CPAP. Ni pampu ndogo inayosukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ya puani, na hewa hiyo inalishikilia koo lisijifunge. Si oksijeni, na si mashine ya mtu mahututi kama ndugu wengi wanavyodhani wakiiona. Aliyeibuni ni daktari wa Sydney, Colin Sullivan, na alichapisha matokeo ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1981, akitumia injini ya kifyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize. Mgonjwa aliyekuwa anasinzia mezani huweza kuamka siku ya kwanza au ya pili akishangaa kwamba kumbe asubuhi huwa hivi.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu wauzaji hawatakwambia. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya watu 2,700 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba CPAP inapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwao. Ilipunguza kukoroma na kusinzia, na maisha yao ya kila siku yakawa bora. Lakini wale watu waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Presha hushuka kwa mashine hii, ila kwa kiasi kidogo, na zaidi kwa wale ambao presha yao ilikuwa sugu. Mimi namwandikia mgonjwa kwa ajili ya usukani kwanza, presha pili, na nasisitiza aivae muda wote anaolala. Saa 4 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika, tusikifanye ndicho lengo.

Dereva ana shida zake za vitendo. Akilala ndani ya lori hana soketi, lakini kuna mashine zinazotumia betri, na kwa kuwa lori kubwa kwa kawaida ni volti 24, aulize kifaa cha kubadili umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyohiyo, asiunganishe kienyeji. Kichupa cha maji cha kulainisha hewa kinakula umeme mwingi, akiwa safarini anaweza kukiacha nyumbani. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Mkitaka kununua iliyotumika kutoka ng'ambo kwa kuwa mpya ni ghali, muwe waangalifu: mwaka 2021 mamilioni ya mashine ziliitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu povu la kuzuia kelele ndani yake lilikuwa linavunjika na kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Namba ya mashine ikaguliwe kabla hela haijatoka mfukoni.

Kwa wenye ugonjwa mdogo au wa kati kuna kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno, kinachovuta taya la chini mbele kidogo na ulimi pamoja nalo. Wengine hukabwa wakilala chali tu. Hao wanasaidika kwa kushonewa mfuko mgongoni mwa fulana na kutiwa mpira wa tenisi, mtu akigeuka chali unamchoma na anarudi ubavu. Mjaribishie mumeo tangu leo, ni bure. Pombe aiache kabisa saa za jioni, kwa sababu inalegeza koo na kuuchelewesha ubongo kushtuka. Sigara huvimbisha koo, nayo iondoke.

Uzito una nafasi yake. Utafiti uleule wa Wisconsin ulikadiria kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito kunaenda pamoja na kupungua kwa vipindi vya apnia kwa asilimia 26. Kwa mumeo ni kilo 10. Kama ana vipindi 40 kwa saa atabaki na karibu 30, yaani bado yuko mpakani mwa ugonjwa mkali, kwa hiyo apunguze, ila tiba isisubiri kitambi kiishe. Mwisho wa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito, tirzepatidi, kwa wenye unene uliokithiri na apnia ya kati au kali. Ni jambo kubwa, lakini bei yake kwa familia ya dereva sitaki hata kuizungumzia leo.

Kuhusu kimeo: hapana. Kuna upasuaji wa koo unaofanywa na daktari bingwa, akiwa amechunguza kwa kamera na kujua ni wapi panapoziba, na hata huo hautoi matokeo ya uhakika kwa kila mtu. Kukatwa kimeo mtaani kwa wembe au kisu ni jambo jingine kabisa. Kimeo peke yake hakizibi koo la mtu wa kilo 104. Tatizo liko kwenye ulimi, kuta za koo na mafuta ya shingoni. Mnachokipata ni damu isiyokatika, usaha, pepopunda na hatari ya virusi vya UKIMWI.

Na jinamizi? Mtu aliyekabwa na jinamizi huamka akili ikiwa timamu lakini mwili umekufa ganzi, hawezi kuinua hata kidole, anaona kama kuna kitu kimemkalia kifuani, na asubuhi anakusimulia kila kitu. Hutokea pale akili inapoamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye usingizi wa ndoto, na waliokosa usingizi hulipata zaidi. Inawezekana mumeo anayo yote mawili. Wanaotaka kumsomea dua wamsomee, dua haigombani na kipimo. Ninachoogopa ni ile tiba nyingine ya jinamizi inayouzwa kimyakimya kwenye maduka ya dawa, kidonge cha Valium cha kulala vizuri. Kwa mtu mwenye apnia kinalegeza koo na kuuzima ule mshtuko unaomrudishia pumzi. Asikiguse. Na siku yoyote akihitaji upasuaji, hata wa ngiri tu, amwambie daktari wa usingizi wa upasuaji kuhusu kukatika huku kwa pumzi kabla hajachomwa sindano.

Wewe mwenyewe pia hulali, naona. Unayesikiliza kama mwenzako anapumua huwezi kuwa umelala. Kuhamia chumba kingine si kuvunja ndoa, ila mpaka apate tiba mwambie sababu, asije akaisoma vibaya. Ukikaribia au kupita umri wa kukoma hedhi, ukawa unaamka umechoka, kichwa kizito, moyo umejaa huzuni, usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Wanawake wenye apnia mara nyingi hawakoromi kwa kishindo, na kwa sababu hiyo wanapewa dawa za kila kitu isipokuwa hicho.

Mtoto wa miaka 5 ni habari tofauti na ya baba yake. Umbo la taya na uso hurithiwa, kweli, lakini kwa umri huo chanzo kikubwa ni nyama za pua na mafindofindo, ambavyo katika miaka hiyo huwa vikubwa ukilinganisha na upana wa koo. Mchunguze usiku: analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, anatokwa jasho kitandani hata kukiwa na baridi? Ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha? Watoto hawa mchana hawasinzii kama watu wazima. Wanakuwa watundu, hawatulii darasani, mwalimu anawaandika watukutu, na uzito hauongezeki. Akikoroma usiku tatu au zaidi kwa wiki, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, wala msisubiri zamu ya baba yake ipite.

Si kila mmoja atapasuliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto wa miaka 5 hadi 9, uligundua kwamba baada ya miezi 7 vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliotolewa mafindofindo na nyama za pua, na pia kwa asilimia 46 ya waliosubiriwa bila upasuaji. Kwa hiyo mwenye dalili chache anaweza kupewa dawa ya kupuliza puani na kuangaliwa miezi kadhaa, na anayekatika pumzi afanyiwe mapema. Kama mtoto ana selimundu, au hamjawahi kumpima na kwenye ukoo kuna mwenye nayo, litajeni siku ya kwanza. Oksijeni inayoshuka usiku inaweza kumletea maumivu makali ya mifupa, na kabla ya upasuaji atahitaji maandalizi ya damu ambayo mtoto mwingine hayahitaji.